Butembo: Deni la fundi wa kwanza hulipwa na mwenye gari wa mwisho

Anayenunua gari la zamani hanunui chuma peke yake. Ananunua pia kazi ya kila fundi aliyewahi kulifungua: waya uliofungwa pale fyuzi ilipoungua, kipande cha tairi kilichokatwa kuziba nafasi ya mpira wa suspensheni, bati lililochomelewa juu ya kutu. Katika garaje za tarafa ya Kimemi, mjini Butembo, na kule Beni pia, jambo hilo halimshangazi mtu. Magari mengi yanayoingia Kivu ya Kaskazini kupitia mpaka wa Kasindi yamekwisha kuzeekea mikononi mwa watu wengine.

Kwa gari la Marekani la miaka ya 1950 au 1960, jambo hilo ni zito zaidi. Miaka sitini na zaidi ya matengenezo, mazuri na mabaya, imelala juu ya gari moja. Anayetaka kulirudisha katika hali yake ya kwanza hugundua mapema kwamba adui yake si kutu peke yake. Adui mwingine ni mikono iliyotangulia. Na somo analolipata humfaa hata mwenye Toyota ya teksi au lori la kubebea viazi.

Yalivyofika Kongo

Magari ya Marekani si wageni katika nchi hii. Kampuni za Ford na General Motors zilikuwa zikiunganisha magari mjini Antwerp, Ubelgiji, tangu miaka ya 1920. Antwerp ndiyo bandari ambako meli za kwenda Matadi zilikuwa zikitoka. Baada ya vita vya pili vya dunia ziliongezeka pia jeep za kijeshi, ambazo Willys na Ford walikuwa wametengeneza zaidi ya 600,000 kati ya mwaka wa 1941 na 1945. Chevrolet, Ford na Buick zilionekana katika miji ya koloni hadi uhuru wa mwaka wa 1960 na hata baadaye.

Magari hayo yalikuwa na faida moja ambayo dereva wa Butembo anaielewa haraka: usukani wake uko kushoto, kama sheria ya barabara ya Kongo inavyotaka. Hayahitaji upasuaji ule unaofanyiwa baadhi ya magari ya Japani, ambapo usukani hutolewa kulia na kupelekwa kushoto, mara nyingi kwa kukata na kuchomelea.

Havana na Nairobi

Mji unaojulikana duniani kote kwa magari haya ni Havana. Baada ya mapinduzi ya mwaka wa 1959 na vikwazo vya biashara ambavyo Marekani iliiwekea Kuba mwaka wa 1962, magari mapya ya Marekani yalikoma kuingia kisiwani, na vipuri pia. Mafundi wa Kuba hawakuyatupa yale yaliyokuwepo. Waliyatia injini za Lada na Volga kutoka Urusi, baadaye hata injini za dizeli kutoka Asia. Kwa nje ni Chevrolet ya mwaka wa 1955. Ndani ni mkusanyiko wa nchi tatu au nne. Fundi wa Kimemi angetambua kazi hiyo mara moja, maana hata yeye anajua kufanya gari litembee bila kipuri kilichoandikwa katika kitabu.

Njia ya pili inaonekana Nairobi. Huko, tangu mwaka wa 1970, chama cha wenye magari ya Alfa Romeo huandaa mashindano ya Concours d'Elegance, ambayo kwa miaka mingi yamefanyika katika uwanja wa mashindano ya farasi wa Ngong. Waamuzi hawaangalii rangi tu. Wanafungua boneti na kuchungulia chini ya gari.

Havana inafundisha kutembea; Nairobi inafundisha kurudisha. Zote mbili ni ufundi wa kweli. Shida huanza pale tengenezo lililofanywa ili gari lifike nyumbani tu linapoachwa kwa miaka kumi, kisha gari linauzwa na mnunuzi haambiwi chochote.

Breki kabla ya rangi

Wenye magari wengi huanza na rangi, kwa sababu ndiyo inayoonekana. Fundi mwenye uzoefu huanza na breki.

Magari mengi ya Marekani ya miaka ya 1950 yana breki za ngoma katika magurudumu yote manne, na pampu kuu yenye njia moja tu ya mafuta. Bomba moja likipasuka popote, breki za mguu zinakwisha zote. Sheria ya Marekani ililazimisha magari mapya kuwa na njia mbili kuanzia tarehe 1 Januari 1968, ili moja ikiharibika nyingine ibaki.

Katika mfumo wa njia moja, tengenezo baya ni hatari ya kifo. Linalojulikana zaidi ni lile la kuponda au kukunja bomba la gurudumu linalovuja. Mafuta yanaacha kumwagika na gari linaendelea, lakini gurudumu hilo halina breki tena. Dereva akikanyaga kwa nguvu, gari linavutwa upande mmoja. Barabarani mjini anaweza asitambue. Kwenye mteremko wa Kabasha, pale barabara inaposhuka kutoka Kanyabayonga kuelekea bonde la Rwindi, atatambua, na huenda akawa amechelewa.

La pili ni kujaza kitu kingine mahali pa mafuta ya breki: maji ya sabuni, au mafuta ya injini. Maji huleta kutu ndani ya mabomba na huchemka mapema, na mvuke hauwezi kusukuma breki. Mafuta ya injini huvimbisha mipira ya pampu hadi ikwame. Hata mafuta halali yana umri wake. Yale ya aina ya DOT 3, yakiwa mapya, lazima yastahimili joto la nyuzi 205 kabla ya kuchemka. Yakishanyonya unyevu wa hewa, kiwango kinachotakiwa kinashuka hadi nyuzi 140. Kwa hiyo anayeinunua Chevrolet iliyolala miaka mingi hana haja ya kujadiliana: mabomba, mipira na mafuta vyote vinatoka.

Kuna tahadhari moja kwa fundi mwenyewe. Vitambaa vya breki vya miaka ile vilikuwa na asibesto, ambayo vumbi lake huharibu mapafu na kuleta kansa. Ngoma ya gari la zamani haisafishwi kwa kupuliza hewa. Hulowanishwa kwanza, kisha hufutwa.

Inchi si milimita

Kosa la pili halitoi moshi wala kelele. Magari ya Marekani ya wakati ule yalifungwa kwa bolti za inchi. Spana nyingi zinazouzwa leo ni za milimita.

Nati ya nusu inchi ina upana wa milimita 12.7. Spana ya 13 inaingia, lakini inacheza. Ikizungushwa kwa nguvu inakula kona za nati hadi inakuwa mviringo. Anayefuata anatumia koleo, na wa tatu anatumia patasi.

Ubaya zaidi uko kwenye meno. Bolti ya Marekani ya inchi 5/16 ina unene wa karibu milimita 7.94, na meno yake yako 18 katika kila inchi, yaani milimita 1.41 toka jino hadi jino. Bolti ya kawaida ya milimita 8 ina meno ya milimita 1.25. Kwa macho ni mapacha. Inaingia mizunguko miwili au mitatu, kisha inakataa. Fundi mwenye haraka anasukuma, bolti inakata meno mapya juu ya yale ya zamani, na tundu limekufa. Siku hiyo gari linatoka garaje likiwa zima. Miaka mitano baadaye, mtu mwingine anashangaa kwa nini pampu ya maji haishiki.

Tiba yake ni kutoboa tundu upya na kuliwekea meno mapya. Kinga ni rahisi zaidi: seti moja ya spana za inchi, na desturi ya kuizungusha bolti kwa vidole kwanza. Ikikataa vidole, si yake.

Umeme uliogeuzwa

Chevrolet ilihamia umeme wa volti 12 mwaka wa 1955, na Ford mwaka wa 1956. Kabla ya hapo yalikuwa magari ya volti 6. Tena katika Ford za zamani, ni upande wa chanya wa betri uliofungwa kwenye bodi, kinyume cha magari ya leo. Fundi asiyejua hilo hufunga betri kama alivyozoea, na vifaa vinaungua au vinasoma kinyume.

Kisha inakuja karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Fyuzi imeungua, duka limefungwa, karatasi inakunjwa na kuingizwa mahali pake. Taa zinawaka. Lakini fyuzi imewekwa ili iungue yenyewe na kuokoa waya. Ikiondolewa, waya ndiyo inakuwa fyuzi, na inapita chini ya zulia, karibu na bomba la petroli. Waya za magari mengi ya zamani zilifunikwa kwa kitambaa, ambacho leo kimekauka na kinapukutika. Kuunganisha waya mpya juu ya waya kama hizo ni kuongeza kuni.

Injini na hewa ya Butembo

Butembo uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hapo hewa imepungua kwa karibu sehemu moja ya sita. Kabureta iliyopangwa kwa miji ya chini inatoa petroli nyingi kuliko hewa iliyopo: moshi mweusi, buji zenye masizi, na matumizi makubwa. Tiba ni tundu dogo zaidi la kupitisha petroli. Mara nyingi kinachofanyika ni kinyume: gari halina nguvu, fundi anadhani petroli haitoshi, anatoboa tundu liwe kubwa. Nguvu inapungua tena, na kipande kile hakiwezi kurudi kama kilivyokuwa.

Ndugu wa kosa hilo ni kuondoa tamostati, kile kifaa kinachozuia maji yasipite kwenye rejeta kabla injini haijapata joto. Injini ikichemka, hicho ndicho kinachotupwa kwanza, ingawa kisa mara nyingi ni rejeta iliyoziba au feni mbovu. Katika baridi ya asubuhi ya Butembo, injini isiyo na tamostati huchelewa kupata joto. Inakunywa petroli zaidi na kulika haraka, na rejeta iliyoziba inabaki imeziba.

Habari njema ni kwamba injini yenyewe haiogopeshi. Ile V8 ndogo ambayo Chevrolet iliitoa mwaka wa 1955 iliendelea kuboreshwa kizazi baada ya kizazi, na mwaka wa 2011 General Motors ilitangaza kufikisha injini milioni 100 za ukoo huo. Vipuri vyake bado vinatengenezwa.

Sumaku mfukoni

Bodi ndiyo inayodanganya zaidi. Mastiki ikiwekwa nene juu ya kutu, kisha rangi, gari linang'aa miezi michache huku chuma kikiendelea kuliwa chini. Sumaku ndogo iliyofunikwa kwa kitambaa inatosha kumfichua muuzaji: pale inapokataa kushika, hapana chuma karibu. Sehemu za kupima ni chini ya milango, kuzunguka magurudumu na sakafu. Bati lililochomelewa juu ya bati bovu hunasa maji katikati, na kutu inaongeza mwendo. Sehemu iliyooza hukatwa hadi kwenye chuma kizima, ndipo kipya kinawekwa.

Ondoa kabla ya kuongeza

Kwa yote hayo, kanuni ni moja: usitengeneze juu ya tengenezo usilolielewa. Rudi nyuma hatua kwa hatua hadi ufike kwenye kazi ya kiwanda, ndipo uanze kupanda.

Hiyo haimaanishi kwamba kila kilichoongezwa ni kibaya. Pampu ya breki ya njia mbili iliyofungwa vizuri kwenye gari la mwaka wa 1955 inaokoa maisha, na mikanda ya viti pia. Tengenezo jema lina alama zake: linafunguka kwa spana ya kawaida, halikukata kitu kisichoweza kurudi, na anayelikuta anaelewa kwa nini lilifanywa.

Kwa mwenye gari wa Butembo au Beni, jambo la kuanza nalo halihitaji dola nyingi. Ni daftari moja linalokaa ndani ya gari. Fundi anaandika tarehe, alichotoa, alichoweka, na kama ni kazi ya kudumu au ya kufika nyumbani tu. Simu inapiga picha kabla ya kufungua. Tengenezo la dharura likiandikwa, ni deni linalojulikana na linaweza kulipwa mapema, katika garaje, gari likiwa limesimama. Lisipoandikwa, atalilipa mtu asiyelikopa, na mara nyingi atalilipa akiwa mteremkoni.