Makato ya London, Maumivu ya Mikoani

Aprili 2013, watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Sheffield Hallam, Christina Beatty na Steve Fothergill, walitoa hesabu iliyowashtua wengi nchini Uingereza. Bunge la London lilikuwa limeshapitisha sheria kubwa ya kubadili mafao ya wasio na kazi, wagonjwa, walemavu na wenye kipato kidogo. Watafiti hao walitaka kujua mageuzi ya mafao yakishaanza kutumika kikamilifu, kila wilaya itapoteza fedha kiasi gani. Kwa jumla walikadiria karibu pauni bilioni 19 kwa mwaka, yaani wastani wa pauni 470 kwa kila mtu mwenye umri wa kufanya kazi. Lakini wastani huo ulificha mengi. Katika Blackpool, mji wa mapumziko wa pwani ya kaskazini-magharibi uliochakaa tangu watalii wa Kiingereza walipoanza kukimbilia jua la Hispania, hasara ilipindukia pauni 900 kwa kila mtu wa umri huo. Katika baadhi ya wilaya tajiri za kusini-mashariki haikufika hata theluthi ya hiyo. Sheria ilikuwa moja na maneno yake yaleyale, ila mikoa iliyokuwa maskini zaidi ndiyo iliyobeba mzigo mzito zaidi.

Sababu yake haihitaji kutafutwa mbali. Migodi ya makaa ya mawe ya Wales ya kusini, viwanda vya meli vya Glasgow, Belfast na mto Tyne, na viwanda vya chuma vya Teesside vilifungwa au kupunguzwa sana, hasa katika miaka ya 1970 na 1980. Kazi zilizokuja baadaye zilikuwa chache, zenye mshahara mdogo, na mara nyingi zilikuja mahali pengine. Wanaume wengi waliochoka miili kwa kazi za shoka waliishia kwenye mafao ya ugonjwa, na familia zao zikaishi kwa mishahara midogo iliyojazwa na mafao. Fedha hizo hazikuishia mikononi mwa waliolipwa. Zilipita kwenye duka la mtaani, kwa fundi wa nyumba, kwa mwenye basi. Serikali kuu ikipunguza mafao, mkoa wa namna hii hupungukiwa na mzunguko mzima wa fedha zake, na hata jirani mwenye ajira huhisi.

Mageuzi yenyewe yalikuwa mengi, na nitaeleza yale tu yenye uzito katika hoja yangu. Sheria ya mwaka 2012 iliunganisha mafao sita kuwa fao moja linaloitwa Universal Credit, ambalo mwombaji mpya hulisubiri kwa takriban wiki tano kabla ya malipo ya kwanza. Wapangaji wa nyumba za umma waliohesabiwa kuwa na chumba kimoja cha ziada walikatwa asilimia 14 ya msaada wa pango, na wenye viwili au zaidi asilimia 25. Kukawekwa kikomo cha jumla ya mafao ambayo familia inaweza kupata. Sheria ya pili, ya mwaka 2016, ilishusha kikomo hicho, ikagandisha viwango vya mafao mengi kwa miaka minne huku bei zikipanda, na ikaamua kwamba mtoto wa tatu na wanaomfuata, wakizaliwa kuanzia tarehe 6 Aprili 2017, wasihesabiwe katika mafao ya familia yenye kipato kidogo. Sheria hiyohiyo ilifuta malengo ya kitaifa ya kupunguza umaskini wa watoto yaliyowekwa mwaka 2010. Hilo la mwisho lilizungumzwa kidogo, nami naliona zito kuliko mengi, kwa kuwa serikali isiyojiwekea lengo haina mahali pa kushikwa inapokosa kulifikia.

Mikoa ikajibu, na majibu yake yalitofautiana sana. Uingereza ni muungano wa nchi nne, na kila moja ina madaraka yake. England haina bunge lake, kwa hiyo kazi iliangukia halmashauri. Mwaka 2013 serikali kuu ilifuta fao la kuwasaidia maskini kulipa kodi ya halmashauri, ikaziambia halmashauri za England zitunge utaratibu wao, lakini kwa fungu lililopunguzwa asilimia 10. Wakati huohuo iliagiza kwa sheria kwamba wastaafu wasiguswe. Pungufu lote likawaangukia watu wa umri wa kufanya kazi, na halmashauri nyingi zikaanza kuwadai kodi watu ambao jana yake zilikuwa zimewasamehe. Mikopo na misaada ya dharura iliyokuwa ikitolewa na serikali kuu nayo ilihamishiwa huko, bila sharti kwamba fedha zake zitumike kwa kazi hiyo. Halmashauri iliyobanwa na makato mengine ingeweza kuupunguza mfuko huo au kuufunga. Hapo kilichogatuliwa ni lawama. Mwananchi aliyenyimwa msaada alimwona karani wa halmashauri yake, wala hakuiona Hazina ya London.

Ireland Kaskazini ilipita njia nyingine. Kisheria mafao ni mamlaka ya bunge lake la Stormont, ingawa kwa desturi limekuwa likifuata viwango vya London. Mageuzi yalipofika, vyama havikukubaliana, na Hazina ikaanza kuikata serikali ya Belfast mamilioni ya pauni kwa kuchelewa kuyatekeleza. Mgogoro huo ulikaribia kuiangusha serikali ya pamoja iliyojengwa baada ya miaka ya vita. Mwishoni mwa 2015 yalifikiwa makubaliano: sheria ya London itatumika, ila Stormont itatenga fedha zake kuwalinda walioumia zaidi. Jopo lililoongozwa na Profesa Eileen Evason lilipendekeza, Januari 2016, fidia zenye thamani ya pauni milioni 501 kwa miaka minne, ikiwemo kufidia kikamilifu makato ya chumba cha ziada. Huko Universal Credit pia hulipwa mara mbili kwa mwezi, na sehemu ya pango huenda moja kwa moja kwa mwenye nyumba. Mtu mwenye akiba benki anaweza kuyaona haya kuwa madogo, lakini kwa familia isiyo na akiba ndiyo yanayoamua kama wiki ya mwisho ya mwezi kutakuwa na chakula.

Uskoti ndiyo iliyokwenda mbali zaidi. Mwanzoni ilijaza pengo la chumba cha ziada kupitia fungu la hiari la halmashauri. Baada ya kura ya maoni ya mwaka 2014 kuhusu kujitenga, Sheria ya Uskoti ya 2016 iliipa serikali yake ya Edinburgh mamlaka juu ya baadhi ya mafao na ruhusa ya kuanzisha mapya. Mwaka 2017 bunge lake lilipitisha kwa kauli moja sheria ya umaskini wa watoto, likarudisha malengo yaliyofutwa London: ifikapo 2030, watoto wanaoishi katika umaskini wa kulinganisha, yaani unaopimwa dhidi ya kipato cha kawaida nchini, wawe chini ya asilimia 10. Mwaka 2018 ikapitishwa sheria ya hifadhi ya jamii inayotamka kwamba mafao ni haki ya binadamu, na likaundwa shirika la kuyalipa lenye makao yake Dundee. Februari 2021 ilianza posho ya watoto wa familia zenye kipato kidogo, pauni 10 kwa wiki kwa kila mtoto wa chini ya miaka sita. Novemba 2022 ikawa pauni 25 kwa kila mtoto wa chini ya miaka 16, na Aprili 2025 ikafika pauni 27.15. Haina kikomo cha idadi ya watoto. Familia yenye watoto watatu hupata zaidi ya pauni 4,200 kwa mwaka ambazo familia ya hali ileile huko Blackpool haizipati.

Matokeo yake yanaonekana katika takwimu za serikali. Mwaka wa fedha 2023/24, baada ya gharama za makazi kutolewa, asilimia 31 ya watoto wa Uingereza nzima walikuwa katika umaskini wa kulinganisha. Uskoti walikuwa asilimia 22. Si haki kuipa posho sifa zote, kwa sababu makazi ya Uskoti ni nafuu kuliko ya London na umaskini wa watoto huko ulikuwa chini tangu zamani. Lengo lao la kati, chini ya asilimia 18 kwa mwaka huo, nalo lilikosekana. Hata hivyo sioni namna ya kueleza pengo hilo kubwa bila kutaja fedha taslimu zinazofika kila baada ya wiki nne kwa zaidi ya watoto 300,000.

Wapo wanaopinga, na pingamizi zao zina uzito. La kwanza ni gharama. Uskoti sasa inatumia kwa hifadhi ya jamii zaidi ya pauni bilioni 1 kwa mwaka juu ya kile inachopewa na London kwa kazi hiyo, na fedha hizo zinatoka kwenye bajeti ileile ya hospitali na shule. Ni kweli, na Edinburgh inalazimika kuchagua kwa uwazi. Lakini umaskini wa mtoto nao una bili yake, na bili hiyo huishia hospitalini na shuleni. La pili ni kwamba posho inaweza kumvunja moyo mtu kuongeza saa za kazi. Kasoro ipo kweli katika muundo wake. Posho imefungwa kwenye Universal Credit, hivyo mzazi akivuka kidogo tu kipato kinachomtoa kwenye fao hilo, anapoteza posho yote ya watoto wote kwa mpigo. Dawa yake ni kuipunguza polepole kadiri mshahara unavyopanda. Kuifuta kungewaumiza watoto wa wazazi wasiokaribia kabisa mpaka huo.

Pingamizi linalonisumbua zaidi ni la tatu: mkoa ukifidia makato ya serikali kuu, unaipunguzia serikali kuu aibu ya makato yake. Philip Alston, aliyekuwa mtaalamu wa Umoja wa Mataifa wa masuala ya umaskini uliokithiri, alizuru Uingereza Novemba 2018 na kukemea kwamba serikali za nchi ndogo za muungano zinalazimika kutumia rasilimali zao kuwakinga wananchi dhidi ya sera za serikali kuu. Namuunga mkono. Ila matukio yaliyofuata yameonyesha kwamba kufidia na kushinikiza vinaweza kwenda pamoja. Uskoti ilitangaza kwamba kuanzia 2026 ingefidia kikomo cha watoto wawili kwa fedha zake, na hoja ya London kwamba haiwezekani ikazidi kudhoofika. Novemba 2025 serikali kuu ikatangaza kukifuta kikomo hicho kuanzia Aprili 2026. Wengi walichangia ushindi huo, mashirika ya hiari na wabunge waasi wakiwemo, lakini mfano hai jirani una nguvu ambayo ripoti haina.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana mfano wa karibu. Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianzisha pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mzee wa miaka 70 na zaidi, kwa fedha zake yenyewe na bila kuuliza kama aliwahi kuajiriwa. Tanzania Bara haikuwa na pensheni ya namna hiyo. Kiasi kilikuwa kidogo, lakini mzee hakuhitaji kumbembeleza mtu yeyote ili apewe. Huko ndiko hoja yangu ilikoelekea tangu mwanzo. Serikali ya chini inaweza kupunguza umaskini ikiwa na mambo matatu kwa pamoja: mamlaka ya kisheria, chanzo cha fedha kinachotabirika, na msaada ambao raia anaweza kuudai. Halmashauri za England zilipewa kazi bila hayo, zikabaki kugawa kile kilichokuwepo kwa yule aliyewahi kuomba.

Tofauti hiyo haikuondoka na kikomo cha watoto wawili. Kikomo cha jumla ya mafao bado kipo. Tangu Aprili 2023 ni pauni 22,020 kwa mwaka kwa familia zilizo nje ya London. Familia kubwa iliyokwisha kukifikia haitaona nyongeza yoyote kutokana na watoto wake wa tatu na wa nne kuhesabiwa upya. Uskoti, tangu Januari 2023, halmashauri hupewa fedha na Edinburgh za kuziba pengo hilo. Blackpool, mama wa familia ya namna hiyo anajaza fomu ya fungu la hiari, anaambatanisha matumizi yake ya mwezi, na kusubiri uamuzi wa ofisa ambaye bajeti yake ya mwaka huenda imeshakwisha.