Roshani Haining'inii

Mwezi uliopita nilipanda ghorofa ya kwanza ya nyumba inayojengwa Mbagala, kukagua nondo kabla zege halijamwagwa. Fundi alikuwa amezifunga vizuri, lakini za roshani alizilaza chini karibu na mbao, kama alivyofanya vyumbani.

"Fundi, hapa zipande juu," nikamwambia.

Akauliza kwa heshima: roshani inaning'inia, uzito wake unaelemea chini, sasa chuma kikae juu kufanya nini?

Nilianzia kwenye neno lenyewe. Kinachoning'inia, embe au taa, kimeshikwa kutoka juu. Roshani ile haina cha kuishika juu, wala nguzo chini. Inatokeza. Na ndani ya kutokeza mna kutoka: lazima pawe na mahali ilikotoka. Ile mita moja inayoonekana nje ni ncha tu. Nguvu iko nyuma, ndani ya nyumba, slabu inakoendelea na ukuta unakoikandamiza.

Nikamwomba kandambili. Ukiishika kisiginoni na kubonyeza ncha, uso wa juu unavutika, wa chini unajikunja. Zege linavumilia sana kukandamizwa, kuvutwa, hapana. Kwa hiyo chuma hukaa linakovutika. Slabu ya chumba, iliyolala juu ya kuta mbili, huvutika upande wa chini, katikati. Roshani huvutika juu, pale inapotokea ukutani, na ufa wake huanzia hapo hapo. Mimi hutaka nondo ziingie ndani mita moja na nusu kwa kila mita ya nje, na ziinuliwe kwa vipande vya nondo vilivyopindwa, maana wamwaga zege huzikanyaga zikarudi chini bila mtu kujua.

Si kila kilicho nje ya ukuta kinatokeza. Veranda za Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883 kule Unguja, zilisimama juu ya nguzo za chuma. Wikio la Lamu, chumba kinachovuka kichochoro, limeegemea nyumba za pande zote mbili, kama daraja. Hivyo vina pa kukanyagia. Kinachotokeza kinategemea kilikotoka, basi.

Fundi alizifungua waya zote akaanza upya. Tumekubaliana pia kuhusu mirunda: zege likishakomaa, itaondolewa kuanzia nchani kuelekea ukutani, mmoja mmoja.