HPV na Saratani ya Koo: Habari Njema Isiyopunguza Tiba

Mgonjwa wa saratani akiambiwa kwamba uvimbe wake umeletwa na kirusi, huona ni balaa juu ya balaa. Kwa saratani ya koromeo, ile inayoota kwenye tonsili au kwenye shina la ulimi, majibu hayo kwa kweli ni ya kutia moyo. Mwaka 2010 Kian Ang na wenzake nchini Marekani walichapisha matokeo ya wagonjwa wa aina hiyo waliotibiwa kwa mionzi pamoja na dawa ya sisplatini. Baada ya miaka 3, asilimia 82.4 ya wale ambao uvimbe wao ulikuwa na HPV, jamii ileile ya virusi inayoleta saratani ya mlango wa kizazi, walikuwa hai. Kwa wale ambao hawakuwa nacho, ilikuwa asilimia 57.1. Hata dawa mpya za gharama kubwa ni nadra kuleta tofauti ya namna hiyo. Hoja yangu ni kwamba habari hii njema inatueleza jinsi tiba iliyopo inavyofanya kazi. Haitupi ruhusa ya kuipunguza.

Chanzo cha tofauti hiyo kiko ndani ya seli. Tunayo protini iitwayo p53, mlinzi anayekagua vinasaba na kuiamuru seli ijiue pale anapovikuta vimeharibika vibaya. Katika saratani za koo zinazoletwa na sigara na pombe, mara nyingi ni jeni yenyewe ya mlinzi huyo iliyoharibika, na ikishaharibika mlinzi hana wa kumrudisha kazini. HPV hupita njia nyingine: protini yake iitwayo E6 huivunjavunja p53 kila inapotengenezwa, lakini jeni kwa kawaida hubaki nzima. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba mionzi inapokatakata DNA ya seli kama hiyo, p53 kidogo iliyosalia bado inaweza kuamka na kuimaliza. Zaidi ya hapo, protini za kirusi ni ngeni mwilini, kwa hiyo kinga ya mwili ina kitu cha kukishika. Kirusi hakimponyi mtu, basi. Ndicho kilicholeta saratani, ila saratani kinayoileta ina udhaifu, na mionzi huupata udhaifu huo.

Tena udhaifu wenyewe una mipaka. Katika utafiti uleule wa Ang, mwenye HPV aliyewahi kuvuta sigara zaidi ya pakiti moja kwa siku kwa miaka 10, au kiasi kinacholingana na hicho, na ambaye saratani ilikuwa imeenea kwa wingi kwenye matezi ya shingo, aliondolewa kwenye kundi la matumaini makubwa. Kundi hilo lilikuwa na asilimia 93 ya walio hai baada ya miaka 3. Kundi alikowekwa lilikuwa na karibu asilimia 71.

Kuna pingamizi zito hapa, nalo linastahili jibu. Tiba kamili ni grei 70 za mionzi, kwa kawaida vipindi 35 katika wiki 7. Kufikia wiki ya 5, ngozi ya shingo imeiva kama iliyounguzwa, kinywa kina vidonda, mate yamekuwa mazito kama gundi, na uji wenyewe haumezeki mpaka mgonjwa awekewe mpira wa kulishia. Sisplatini nayo inaweza kuumiza figo na kuacha mlio wa kudumu masikioni. Kwa nini tumtese hivyo mtu ambaye uvimbe wake ni rahisi kuua? Madaktari waliuliza swali hilo kwa nia njema, wakalijaribu. Uingereza, Ireland na Uholanzi waliibadili sisplatini kwa setuksimabu, dawa iliyodhaniwa kuwa nyepesi, kwa wagonjwa 334 waliogawanywa kwa bahati nasibu. Madhara makubwa hayakupungua. Baada ya miaka 2, waliopata sisplatini asilimia 97.5 walikuwa hai, dhidi ya 89.4 ya waliopata setuksimabu. Jaribio kubwa zaidi la Amerika Kaskazini lilifikia uamuzi uleule. Utafutaji wa tiba nyepesi unaendelea, na ni haki uendelee, lakini mahali pake ni ndani ya majaribio yanayosimamiwa.

Afrika Mashariki mzigo mkubwa wa HPV uko kwenye mlango wa kizazi. Huko karibu kila uvimbe unacho kirusi, kwa hiyo uwepo wake hauwatenganishi wagonjwa. Kinachowatenganisha ni hatua ambayo ugonjwa umegunduliwa na kama mionzi inapatikana. Kwa koo, msomaji anaweza kusema kwamba kipimo cha p16, kinachotumika kama alama ya HPV, hakipatikani katika hospitali nyingi, hivyo mjadala huu hautuhusu. Nadhani unatuhusu kwa sababu hiyohiyo. Mgonjwa anayetibiwa kwa mionzi na sisplatini hupewa tiba ileile, awe na kirusi au asiwe nacho. Kukosa kipimo hicho kunamnyima makadirio ya matumaini yake, hakumnyimi dawa. Kama wewe au ndugu yako amegundulika na saratani ya koromeo, usisubiri majibu ya HPV ndipo uanze mionzi, na ukishaianza, usiikatishe njiani.