Anga Lisiwe Jeupe, Ardhi Isiwe Giza

Ingia katika sebule nyingi za Tarime au Mugumu, utakuta picha zimetundikwa ukutani: harusi, ubatizo, mahafali ya darasa la saba, na mara nyingi bibi akiwa ameketi mbele ya nyumba yake. Hebu itazame vizuri hiyo picha ya bibi. Mawingu yamependeza, vilima vinaonekana mpaka mbali, lakini uso wake ni kivuli kitupu. Au uso umeonekana, ila mbingu yote imekuwa nyeupe kama shuka la wodini. Siku bibi anapofariki, watu hupekua masanduku wakitafuta picha ya kuweka juu ya jeneza, na ile iliyopo haimwonyeshi. Sisi ambao tumekaa katika misiba mingi tunajua uchungu wake.

Wengi husema mpiga picha hakujua kazi. Pengine ni kweli, lakini sababu kubwa ni nyingine. Jicho la binadamu ni chombo cha ajabu. Mboni hupanuka gizani na kusinyaa kwenye mwanga, na ubongo huunganisha yote tunayoyaona, hata tukaona uso ulio chini ya mwembe na wingu lililo juu yake kwa wakati mmoja. Kamera haiwezi hivyo. Kila picha hupewa kipimo kimoja tu cha nuru. Ukiipimia mbingu, ardhi huzama gizani. Ukiipimia ardhi, mbingu huungua ikawa nyeupe. Tena kwetu sisi wenye ngozi nyeusi palikuwa na tatizo la ziada. Kwa miaka mingi maabara za kusafishia picha zilipima rangi kwa kutumia kadi zenye picha ya mwanamke mzungu, zilizojulikana kama kadi za Shirley. Kilichompendeza Shirley hakikutufaa sisi.

Dawa ya tatizo hili ni kupiga picha zaidi ya moja ya mahali pale pale, kila moja kwa kipimo chake cha nuru, kisha kuziunganisha ziwe moja. Usidhani ni jambo la jana. Huko Ufaransa, katika miaka ya 1850, mpiga picha Gustave Le Gray alikuwa akichukua bahari kutoka kioo kimoja na mbingu kutoka kioo kingine, akazichapa katika karatasi moja. Kompyuta zilirahisisha kazi hiyo. Mwaka 1994 programu ya Photoshop ilianza kuwa na matabaka, yaani kuweka picha juu ya picha bila kuziharibu. Leo ipo programu iitwayo GIMP inayofanya kazi hiyo bila malipo yoyote.

Mfano mkubwa umetokea hapa hapa kwetu. Mwaka 2015 mpiga picha Mmarekani, Stephen Wilkes, alikuja Serengeti wakati wa ukame. Alipanda juu ya jukwaa lenye kimo cha zaidi ya mita 5, mbele ya dimbwi la maji, akajificha humo kwa saa 26. Kamera yake haikusogezwa. Alipiga picha zipatazo 2,200, akachagua chache zilizo bora, kisha akaziunganisha tabaka kwa tabaka, mchana na usiku vikakutana katika picha moja. Wanyama wa kila namna wanaonekana wakija majini kwa zamu zao, na yeye mwenyewe amesimulia jinsi walivyogawana maji yale bila kugombana. Picha hiyo ilichapishwa katika jarida la National Geographic mwaka 2016. Tunakiri kwamba tulipoionyesha kwa akina mama, waliulizana zaidi habari za Mmarekani huyo: alikula nini huko juu, na haja zake alizifanyia wapi?

Kikundi chetu cha akina mama kilitaka kutengeneza kalenda ya picha za wilaya zetu mbili, Tarime na Serengeti. Faida ingenunua mabeseni, kanga na nguo za watoto kwa akina mama wanaofika kujifungua mikono mitupu. Kijana mmoja anayepiga picha za harusi alikubali kutufundisha siku za Jumamosi. Tuliketi tisa mbele ya kompyuta moja, wengine wakiwa na watoto mgongoni.

Kwanza, kupiga. Kamera lazima isitikisike. Stendi yenye miguu mitatu ni bora, lakini ukiwa ndani ya gari mbugani, ambako huruhusiwi kushuka ovyo, mfuko wa kitambaa uliojazwa maharage na kuwekwa dirishani unafaa sana. Uzuri wake ni kwamba maharage yanarudi jikoni. Piga tatu mfululizo: moja ya kawaida, moja yenye nuru pungufu kwa ajili ya mbingu, moja yenye nuru zaidi kwa ajili ya ardhi. Nuru ya kamera huhesabiwa kwa hatua, na kila hatua huongeza nuru mara mbili au kuipunguza nusu. Hatua mbili basi ni mara nne. Kwa mandhari yetu hatua mbili chini na mbili juu zinatosha mara nyingi. Badilisha muda ambao kamera inafumbua jicho lake, usibadilishe upana wa tundu, kwa maana upana ukibadilika hata sehemu zilizo wazi na zenye ukungu hubadilika, na picha hazitakubali kuungana.

Mwenye simu pia asikate tamaa. Katika simu nyingi za sasa ukigusa kioo panatokea alama ndogo ya jua. Ishushe upate mbingu, ipandishe upate ardhi. Simu yenye alama ya HDR hupiga picha kadhaa kwa haraka na kuziunganisha yenyewe. Lakini simu haijui kipi wewe unakitaka, na mara nyingi hung'arisha kila kitu mpaka jioni ikafanana na adhuhuri.

Chagua saa yako. Sisi tupo karibu na Ikweta, na jua letu huchomoza na kuzama upesi. Ile nuru ya dhahabu haikungoji umalize kusonga ugali. Kutoka milima ya Tarime, ukitazama kusini kuelekea bonde la Mto Mara asubuhi, mbingu ni angavu na bonde bado lina kivuli. Hapo ndipo picha moja haitoshi. Kati ya Julai na Oktoba, nyumbu wanapovuka mto huo upande wa Kogatende na Lamai, kazi ni ngumu zaidi kwa sababu vinavyotembea havikai mahali pamoja katika picha tatu. Tutalirudia hilo.

Sasa kuunganisha. Wale tunaofanya kazi hospitalini tulielewa upesi tulipofikiria filamu za eksirei. Ukizishika mbili dirishani, moja juu ya nyingine, unaona zote mbili kwa pamoja. Tabaka ni hivyo. Chini weka picha yenye nuru nyingi, ile iliyoonyesha ardhi vizuri. Juu yake weka ile ya mbingu. Kwa sasa utaona ile ya juu tu, maana imefunika yote. Kisha unaipa picha ya juu kifuniko, ambacho wenye kazi hiyo hukiita maski. Kanuni ya maski ni moja: palipo peupe picha ya juu inaonekana, palipo peusi inajificha, na palipo pa kijivu inaonekana nusu nusu. Anza kwa kuijaza maski yote rangi nyeusi, ardhi irudi yote. Halafu chukua brashi nyeupe, upake mahali pa mbingu tu. Mawingu yatajitokeza kidogo kidogo mbele ya macho yako. Mama mmoja mzee kati yetu alipiga kigelegele.

Kazi yenyewe iko mpakani, pale vilima vinapokutana na mbingu. Ukipaka kwa brashi ngumu, utapata mstari mweupe unaofuata vilima, kama gagulo linalochungulia chini ya gauni, na kila mtu ataliona isipokuwa mwenyewe. Tumia brashi laini na kubwa, yenye nguvu ndogo, kama asilimia 15 au 20, upake mara nyingi polepole. Ukizidisha, geuza brashi iwe nyeusi, ufute. Hakuna kilichoharibika, kwa sababu picha yenyewe hujaigusa. Umegusa kifuniko tu. Jambo hili liliwapa moyo wale waliokuwa wakiiogopa kompyuta.

Migunga inataka uvumilivu. Matawi yake membamba yameingia mbinguni, na huwezi kuyapitia moja moja. Mwalimu wetu alituonyesha njia ya kuifanya kompyuta yenyewe itengeneze maski kwa kufuata mwanga: penye kung'aa pawe peupe, penye giza pawe peusi. Tawi hubaki tawi na mbingu hubaki mbingu. Kama upepo ulivuma, au ng'ombe alitembea, au nyumbu waliruka, utaona kivuli maradufu, mnyama mwenye vichwa viwili. Hapo usichanganye. Chagua picha moja tu kwa ajili ya kile kinachotembea, na nyingine zitoe mahali palipotulia. Kwa mtu ni vivyo hivyo. Bibi akiketi mbele ya nyumba, uso wake utoke katika picha moja, ile iliyompimia yeye.

Ubishi ulikuja tulipofika ukurasa wa Agosti. Mmoja wetu alikuwa na picha nzuri ya Mto Mara, lakini siku ile hapakuwa na mnyama hata mmoja. Akasema, kwa kuwa tumejua matabaka, tuweke nyumbu kutoka picha nyingine, kalenda iuzike. Wengine walimuunga mkono. Fedha ni za kusaidia wazazi, nani ataumia? Tulibishana karibu saa nzima. Mwishowe tuliyakataa. Kurudisha mbingu iliyokuwepo ni jambo moja, maana tuliiona kwa macho na kamera ndiyo ilishindwa. Kuweka nyumbu ambao hawakuwepo ni jambo jingine, na mnunuzi hatajua. Hata Wilkes, aliyekusanya saa nyingi katika picha moja, huwaeleza watu jinsi alivyofanya, na kila mnyama wake alikuwa mbele ya kamera ile ile mahali pale pale.

Mjadala huo ulituleta kwenye jambo linalotusumbua zaidi kuliko nyumbu. Matabaka hayo hayo hutumika katika studio kumfanya bibi harusi awe mweupe. Anapelekewa albamu, anajikuta ana ngozi ya mtu mwingine, na mama yake aliye kando yake naye ameng'arishwa. Kama wauguzi tumeona ngozi zilizoharibiwa na krimu za kujichubua, na tunaamini picha za namna hiyo zinawasukuma mabinti dukani. Mama, unapomlipa mpiga picha wa harusi ya binti yako, mwambie mapema: uso uonekane vizuri, lakini rangi yake isiguswe. Mwambie kabla hujampa malipo ya mwanzo, si baadaye.

Ukurasa wa Agosti ulibaki mto mtupu, na mawingu meusi ya mvua upande wa ziwa.

Neno la mwisho kwa wenye kutaka kujaribu. Usifute zile picha tatu za asili baada ya kuunganisha. Hifadhi kazi yako pamoja na matabaka yake, kwa sababu ukihifadhi kama picha ya kawaida yote hugandamana, na hutaweza tena kurekebisha. Weka nakala katika flashi mbili, moja nyumbani, nyingine kwa dada au jirani unayemwamini. Na kama bibi bado yuko hai, nenda ukampige asubuhi, kabla jua halijapanda.