Mdudu wa Kijani Kwenye Nyanya: Si Kila Kunguni wa Mimea ni Adui

Mkulima wa nyanya anayegeuza majani asubuhi huweza kukuta mdudu mwembamba wa rangi ya kijani, mwenye urefu usiofika hata milimita 5, papasi ndefu na miguu myepesi inayomkimbiza upesi hadi upande wa pili wa jani. Mara nyingi hatua inayofuata ni kubeba bomba la dawa mgongoni. Ni vyema kwanza akamtambua, kwa kuwa huenda anataka kumwua kibarua asiyemdai ujira.

Mdudu huyo anaitwa kitaalamu Nesidiocoris tenuis, jina linalotokana na maelezo yaliyoandikwa mwaka 1895 na mtaalamu wa wadudu wa Finland, O. M. Reuter. Yumo katika oda ya Hemiptera, yaani wadudu wenye mdomo uliochongoka wa kutoboa na kufyonza, na katika familia ya Miridae, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote miongoni mwa kunguni: spishi zake zinazojulikana zimepita 11,000. Nyingi kati ya hizo hufyonza mimea tu. Baadhi huwinda wadudu wengine, na wachache, akiwemo huyu wa kwenye nyanya, hufanya yote mawili.

Hapo ndipo utambuzi unapokuwa na uzito. Mbu wa mikorosho, anayekausha machipukizi na maua ya mikorosho katika mikoa ya Kusini na Pwani, ni wa familia hiyohiyo ya Miridae, tena wa nusu-familia moja na mwindaji wa nyanya, Bryocorinae. Undugu wao ni wa karibu, lakini tabia zao ni mbalimbali. Kwa bahati nzuri si vigumu kuwatofautisha. Mbu wa mikorosho ni mkubwa zaidi na ana kitu kama pini kilichosimama mgongoni. Mwindaji wa nyanya hana pini hiyo, bali ana mstari mweusi nyuma ya kichwa na madoa ya kahawia kwenye mbawa.

Umuhimu wake uliongezeka baada ya kuingia kwa kantangaze, nondo mdogo mwenye asili ya Amerika Kusini, aliyethibitishwa nchini Tanzania mwaka 2014. Jike mmoja wa nondo huyo huweza kutaga hadi mayai 260. Kiwavi akishaanguliwa hujichimbia ndani ya jani au tunda, mahali ambapo dawa nyingi hazimfikii, na baadhi ya dawa amekwisha kuzizoea. Mwindaji humtangulia: hulila yai likiwa bado juu ya jani. Hulichoma kwa mdomo wake, huingiza mate yanayoyeyusha kilichomo, kisha hukifyonza na kuliacha ganda tupu. Aliyekomaa huweza kumaliza makumi ya mayai kwa siku. Hula pia inzi weupe, thiripi na utitiri. Vinyweleo vya nyanya vyenye utomvu unaonata, ambavyo huwanasa wadudu wengi wadogo, yeye hupita juu yake bila taabu.

Mayai yake mwenyewe hayaonekani, kwani jike huyachomeka ndani ya shina laini na vikonyo vya majani. Watoto wake, yaani tunutu, hawana mbawa. Hujivua ngozi mara 5 hadi kukomaa, na katika joto la nyuzi 25 safari yote kutoka yai huchukua takriban wiki 3.

Haifai kumsifu kupita kiasi. Mawindo yanapoadimika, hugeukia nyanya zenyewe na kuacha pete za kahawia kwenye mashina na vikonyo. Wakiwa wengi, maua huweza kupukutika. Nchini Hispania, ambako hutumika sana katika nyumba za kilimo, wakulima hufuatilia idadi yake kwa makini kwa sababu hiyo. Shamba lenye pete nyingi na maua yanayodondoka, lakini lisilo na kantangaze wala inzi weupe, linahitaji ushauri wa mtaalamu.

Adui wake mkubwa ni unyunyiziaji wa kila wiki kwa mazoea, hasa wa dawa zinazoua kila aina ya mdudu. Kantangaze aliye ndani ya jani husalimika, mwindaji aliye juu hufa, na fedha ya mkulima huwa imemtumikia nondo. Dawa inapolazimu, ichaguliwe iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, na muuzaji aulizwe iwapo inadhuru wadudu marafiki. Majani yenye vichuguu vya kantangaze yafungiwe kwenye mfuko au yafukiwe. Machipukizi mazima yaliyopogolewa yanaweza kuachwa kati ya matuta siku chache ili tunutu warudi kwenye miche. Mistari michache ya ufuta pembeni mwa shamba husaidia pia, kwa kuwa mwindaji huyu hupenda kuishi na kuzaliana humo.

Mkulima asiye na hakika na mdudu aliyemwona amweke pamoja na jani katika chupa yenye kitambaa mdomoni, ampeleke kwa afisa ugani wa kata siku hiyohiyo, kabla ya kuchanganya dawa.