Rangi mbili gani hiyo unayomeza, dada?

Wadau, leo naongelea kitu ambacho hapa Tabora tunakichukulia poa sana. Mtu mkojo unamchoma, anaenda duka la dawa: "Nipe rangi mbili." Anapewa, anameza, kazi imekwisha.

Tatizo ni kwamba rangi mbili siyo jina la dawa. Amoksilini huja kwenye kapsuli ya rangi mbili, na doksisaiklini pia. Kwa mwenye mimba changa dawa hizi haziko sawa hata kidogo.

Amoksilini imetumiwa na wajawazito miaka mingi, na madaktari hawaiogopi. Doksisaiklini na ndugu yake tetrasaiklini huingia kwenye meno na mifupa ya mtoto, hasa kuanzia mwezi wa nne. Meno yanaweza kuota na rangi ya njano au kahawia. Septrin nayo inazuia kazi ya foliki asidi, ambayo inasaidia ubongo na uti wa mgongo wa mtoto kujifunga vizuri. Na kujifunga huko kunakwisha kama siku 28 tu baada ya mimba kutunga. Wengi wakati huo ndiyo kwanza wanashangaa mbona siku zimepita!

Kwa hiyo kama siku zako zimechelewa, mwambie muuzaji kabla hajafungua kopo. Nunua kwanza kipimo cha mimba. Na uliza jina la dawa, siyo rangi.

Msinielewe vibaya, sijasema mjamzito asitibiwe. UTI ikiachwa inapanda mpaka kwenye figo, na mtoto anaweza kuzaliwa kabla ya wakati. Najua ukitoka mjini ukashika ile njia ya zamani ya misafara kuelekea Ujiji, duka la dawa mara nyingi liko karibu kuliko zahanati. Hata hivyo jikongoje, mkojo upimwe, upewe dozi na uimalize.

Mawili ya mwisho. Mama mwenye VVU aliyeandikiwa Septrin asiiache kienyeji, inamkinga. Aende kliniki akaongee nao. Na wewe uliyekwishameza kabla hujajua una mimba, usipaniki wala usikimbilie kuitoa. Watoto wengi katika hali hiyo huzaliwa salama. Nenda kliniki na pakiti ya dawa mkononi, waone ulimeza nini na lini.

Akina kaka nanyi, mnapotumwa dukani semeni ukweli wote. Mnasemaje wadau?