UZI: Mahabusu ni nani, na mtu wa kujitolea anaweza kufanya nini?

1/ Kila mapanga yakisikika Mji wa Kale, mjadala huwa ni ule ule. Mmoja apanda jukwaani: "Wakamatwe wote!" Mwingine ajibu: "Mnaonea vijana wetu!" Makofi pande zote. Hakuna anayeuliza: wakishakamatwa wanapelekwa wapi, na wanabaki huko kwa sababu gani? Tuanze hapo.

2/ Ngome ya Yesu leo ni makumbusho, twaenda kupiga picha. Lakini kuanzia 1895 hadi 1958 Waingereza waliifanya jela. Hata neno "gereza", wataalamu wa lugha husema latokana na neno la Kireno la kanisa, maana ngome zao zilikuwa na kanisa ndani. Kwa hivyo kufungia watu si jambo geni hapa kwetu. Siku hizi safari ni ya Shimo la Tewa, kabla hujavuka daraja la Mtwapa.

3/ Tutofautishe maneno mawili. Mfungwa ameshahukumiwa. Mahabusu bado, kesi yaendelea na kisheria hana hatia. Kwa miaka mingi mahabusu wamekuwa zaidi ya thuluthi moja ya watu wote walio magerezani Kenya. Mwanasiasa akikwambia "jela zimejaa wahalifu", muulize amewahesabu vipi hawa.

4/ Katiba ya 2010, Kifungu cha 49: ukishtakiwa una haki ya dhamana kwa masharti yanayofaa, ila kukiwa na sababu nzito ya kukunyima. Na kama adhabu ya kosa ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi sita, hufai kuwekwa rumande kabisa. Soma tena hiyo.

5/ Shida iko kwenye masharti. Korti yasema: bondi ya kiasi fulani, na mdhamini. Mdhamini atakiwa alete hati ya shamba au ya gari. Sasa angalia Mombasa yetu. Wangapi wana nyumba lakini ardhi si yao? Kuna nyumba bila ardhi, kuna viwanja vya wakfu, kuna nyumba ya urithi ya ndugu tisa na hati haijulikani iko kwa nani. Mtu ana paa, hana karatasi. Kijana wa mwenye hati yuko kwao jioni. Wa mama muuza viazi karai yuko ndani. Kosa ni lile lile.

6/ Akichoka kusubiri je? Wapo wanaokiri kosa ili mambo yaishe tu. Anapiga hesabu: nikikiri napewa miezi mitatu, nikikataa huenda nikasubiri zaidi. Hapo uchovu ndio umehukumu.

7/ Basi hapa ndipo watu wa kujitolea wanapoingia, na huhitaji kuwa wakili. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inawatambua wasaidizi wa kisheria, wale tunaowaita maparalegali. Kituo cha Sheria wana ofisi Mombasa, na wamewafunza wafungwa wenyewe wa Shimo la Tewa wawasaidie wenzao. MUHURI nao wako hapa hapa. Idara ya probesheni pia ina maafisa wa kujitolea.

8/ Kazi yenyewe haina mbwembwe:
– Kuitafuta familia. Wako wazazi hawajui mtoto yuko kituo gani.
– Kumfikisha ndugu kwa afisa wa probesheni. Korti ikitaka ripoti na hakuna mtu wa nyumbani wa kuongea, ripoti itasema nini?
– Kueleza kwamba dhamana ya pesa hurudishwa kesi ikiisha, bora mshtakiwa amehudhuria na risiti ipo.
– Kukumbusha kwamba Mahakama Kuu inaweza kuipunguza dhamana iliyozidi.
– Akitoka, kumsaidia kupata kitambulisho chake na kazi. Mtaa ukimfungia mlango, atarudi alikotoka.

9/ Mipaka: usimpige picha uziweke mtandaoni. Usiahidi kwamba atatoka. Usishike pesa ya dhamana ya mtu, hata kwa nia njema.

10/ "Na aliyekatwa panga je?" Swali la haki kabisa. Yeye anahitaji kesi isikizwe haraka, na aliyemkata apatikane. Korti na seli zikijaa watu wa makosa madogo, kesi yake ndiyo inayongoja. Tena Desemba 2020 Mahakama ya Afrika, iliyoko Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji zinakiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu.

11/ Kujitolea kusiwape viongozi likizo. Jua nani aulizwe nini. Mbunge: bajeti ya mawakili wa wasiojiweza iko wapi, na Katiba, Kifungu cha 50, yaahidi wakili pale ambapo mtu angedhulumiwa pakubwa bila yeye? Gavana hana jela, lakini sheria ndogo za kaunti ndizo zinazompeleka mchuuzi kortini. Aulizwe hizo.

12/ Wataka kuanza? Kesi husikizwa hadharani. Mahakama ya Mombasa iko hatua chache kutoka Ngomeni. Nenda asubuhi moja, zima simu, kaa nyuma, hesabu wangapi wanapewa dhamana na wangapi wanashindwa kuilipa. Kisha rudi hapa utwambie ulichoona. Maswali weka chini, na mwenye ndugu ndani umtumie uzi huu.